Vyuo vya ujenzi vinafundisha picha, BIM bado: tuchukulie kiwanja cha mteremko hapa Kigoma

Mkufunzi wa Gungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha uchoraji wa majengo na ukadiriaji kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Kigoma. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapowasilisha kazi zao za mradi, ukumbi unajaa. Na kazi zenyewe siku hizi zinapendeza mno: jumba la ghorofa, bwawa la kuogelea, gari mbili za kifahari zimeegeshwa mbele, minazi, jua linazama nyuma ya paa. Watu wanapiga makofi, wanapiga picha za kurusha statasi. Halafu ukimuuliza mwenye kazi ukuta wa jikoni unakula tofali ngapi, anakutolea macho.

Kijana huyo kwenye wasifu wake ataandika anajua BIM (Building Information Modelling, yaani modeli ya jengo yenye taarifa zake). Na aliyemwambia kwamba anaijua ni mwalimu wake. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Kwa wasioijua (wanaojua warukeni aya hii): kwenye AutoCAD ya kawaida, programu ya kuchorea, ukuta ni mistari miwili inayokwenda sambamba. Kompyuta haijui kama ni ukuta, ni barabara au ni mpaka wa shamba la mihogo. Ukihamisha dirisha kwenye plani, itabidi ulihamishe tena kwa mkono wako kwenye mwonekano wa mbele, kwenye mkato na kwenye jedwali la madirisha. Ukisahau mahali pamoja tu, fundi ndiye atakayeligundua, tena akiwa juu ya jukwaa. Kwenye BIM unajenga jengo mara moja ndani ya kompyuta. Ukuta una unene, kimo, aina ya tofali, plasta huku na huku, na unajua mlango umeutoboa wapi. Plani, mikato na majedwali yote yanachotwa kwenye modeli ile ile. Dirisha likisogea, limesogea kote.

Wala si habari ya jana. Charles Eastman wa Marekani aliandika juu ya kutumia kompyuta badala ya michoro mwaka 1975. ArchiCAD, programu ya BIM, ilizaliwa Hungary miaka ya 1980. Revit, nyingine ya aina hiyo, ilianza kwenye kampuni ndogo iliyoanzishwa 1997, Autodesk wenye AutoCAD wakainunua 2002. Uingereza imeidai BIM kwenye miradi ya serikali kuu tangu Aprili 2016. Sisi bado tunabishana kama iingie kwenye ratiba.

Sasa mfano wa nyumbani. Mnaoijua Kigoma mnajua hakuna tambarare ya bure hapa. Mji umekaa juu ya vilima vinavyoshuka kwenda ziwani. Lakini ramani sanifu ya darasa imechorwa kama vile nchi nzima ni mbuga ya Wembere.

Chukua jengo la madarasa mawili na ofisi ndogo katikati, urefu mita 20, upana mita 7. Kiwanja kinashuka asilimia 10, yaani kila mita kumi ardhi inashuka mita moja. Ukililaza jengo lifuate mteremko, na ukaweka sakafu sawa na ardhi ya upande wa juu, upande wa chini sakafu itakuwa mita 2 kutoka ardhini. Wastani wa kujaza ni mita 1. Kwa hiyo 20 × 7 × 1 = mita za ujazo 140 za kifusi kabla hujamwaga jamvi (zege la sakafu). Lori la mita saba ni safari 20. Kuta za msingi zinazoongezeka: mbili ndefu, kila moja mita za mraba 20, jumla 40, na ile ya mwisho chini 7 × 2 = 14. Jumla 54. Tofali la inchi sita ukililaza linakwenda kama 13 kwa mita ya mraba, basi ongeza tofali 700 hivi, na kuta za kati sijazigusa.

Ligeuze sasa jengo hilo hilo likae kukingama mteremko. Ardhi inashuka kwenye upana wa mita 7 tu, yaani sentimita 70. Kifusi: 20 × 7 × 0.35 = mita 49. Kuta za ziada zinashuka hadi mita za mraba 19, tofali kama 250.

Jengo lile lile, ramani ile ile. Tofauti ni mita 91 za kifusi na tofali 450, na hakuna aliyechora hata mstari mmoja mpya. Mwanafunzi akiwa na modeli ya ardhi na modeli ya jengo, anaizungusha kwa kidole na jedwali linajibadilisha mbele yake. Hicho ndicho ninachotaka kifundishwe. Bwawa la kuogelea litajijua.

Karibuni kwa michango. Matusi sijibu.

---

Nondo Kumi na Mbili

Mkuu, hesabu yako umeifanya hapo juu kwa kalamu na sote tumekuelewa. Sasa BIM ya nini? Vijana hata rula ya skeli hawajui kuisoma, wanapima 1:100 kwenye mchoro wa 1:50 na hawashtuki. Mnawaongezea mzigo wa programu inayotaka kompyuta ya milioni tatu. Wafundisheni kwanza kusoma karatasi.

---

Mkufunzi wa Gungu

Nondo, nusu ya hoja yako naichukua. Kwa nyumba ya vyumba viwili kalamu inatosha, na mwanafunzi asiyeweza kuifanya hesabu ile kwa kalamu simruhusu kugusa kompyuta.

Lakini mimi nimechukua mteremko ulionyooka wa asilimia 10 ili wote tuelewane. Kiwanja halisi kina kibonde hapa, jiwe pale, upande mmoja unashuka 6 na mwingine 15. Hapo ukadirie kwa kalamu majengo manne ya shule, kila moja katika mikao mitatu. Utakesha.

---

Mzee wa Timazi

Mwalimu, mimi ni fundi, niko Ujiji, darasa nimeishia la saba. Hiyo kompyuta yako imekuhesabia vizuri lakini imekupeleka njia ya watu wa ofisini. Nani amekwambia sakafu ianzie juu? Sakafu unaiweka katikati. Unakata huku juu, udongo unaousogeza unajazia huku chini. Kifusi cha lori hununui hata mita moja kama udongo wenyewe ni mzuri.

Ila kuna mambo mawili watoto wenu hawayachori. La kwanza ni mtaro upande wa juu, ulipokata. Usipouweka, masika maji yote ya kilima yatapumzika kwenye ukuta wako wa nyuma. La pili, ukuta usikae juu ya udongo uliojaza. Msingi ushuke mpaka ardhi mama, hata kama kazi ni kubwa. Kifusi ni cha kubeba jamvi tu, nacho ukishindilie kwa tabaka, inchi sita sita, na maji. Na ukiagiza kifusi agiza na robo ya ziada, maana kikishindiliwa kinanywea.

---

Mkufunzi wa Gungu

Shikamoo mzee wangu. Nimeingiza maneno yako kwenye modeli sasa hivi, jengo likiwa limefuata mteremko, sakafu katikati: unakata mita za ujazo 35, unajaza 35. Kutoka 140! Na ukilikingamisha juu ya kukata na kujaza, inabaki 12 kwa 12 na ushee.

Kisha kikaibuka kitu kingine ambacho kwa kalamu nisingekiona haraka. Vilima vyetu vingi vinashukia ziwani, yaani magharibi. Jengo likikingama mteremko, nyuso zake ndefu zenye madirisha zinatazama mashariki na magharibi. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua la mchana liko utosini na upenu wa kawaida unalimudu. Jua la saa kumi jioni haliogopi upenu, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye ubao. Watoto wa kipindi cha mwisho wataikunja sura mpaka kengele.

Kwa hiyo tunaookoa udongo tunapoteza kivuli. Unaweza kuongeza baraza pana upande wa ziwa, lakini baraza ni nguzo, ni kenchi, ni bati. Au ubaki na mkao wa kwanza, ukate na kujaza 35, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Kwa kiwanja hiki ningebaki na mkao huo wa kwanza. Kwa asilimia 20 nisingethubutu. Mabishano ya namna hii ndiyo ninayoyataka darasani.

---

Mzee wa Timazi

Marahaba mwanangu. Upande wa ziwa weka na matofali ya matundu. Hewa inaingia, jua linakatwakatwa.

---

Dada wa BOQ

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mkadiriaji majenzi, niko Dar ila nyumbani Kasulu, kwa hiyo uzi huu nimeuvamia kwa haki.

Niwape tahadhari, maana naona mmeanza kuishangilia namba inayotoka kwenye jedwali. Modeli haijui kujenga. Inatoa mita za ujazo na mita za mraba, basi. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko sita ya saruji na kidogo, kwa sababu mchanganyiko mkavu hunywea ukilowa, unauzidisha kama mara 1.54. Hilo programu haikwambii. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusimama kwenye mashine ya kuchanganyia zege ataandika "zege m³ 8" na kudhani amemaliza.

La pili, modeli iliyochorwa ovyo inahesabu mara mbili. Ukiweka nguzo ndani ya ukuta bila kuviunganisha, eneo la nguzo linahesabiwa kama zege na kama tofali. Kwenye pembe kuta mbili zikipandana, hivyo hivyo. Nimeletewa modeli ya jengo la ghorofa moja, picha yake ungeifanya kalenda, lakini ukuta wa chini umeburuzwa mpaka juu ya paa ukapita ndani ya jamvi. Anayeangalia picha haoni kitu. Mimi ninayesoma jedwali naona tofali za jengo zima zimezidi.

Na la tatu: maktaba. Programu inakuja na milango na kuta za kwao. Mwanafunzi anavuta ukuta ulio tayari ndani ya programu, una mbao katikati na karatasi ya kuzuia joto, anaupaka rangi ya tofali, anaridhika. Huo ukuta Kasulu unajengwa na nani?

---

Mkufunzi wa Gungu

Dada, hilo la maktaba umenigusa. Zoezi la kwanza kwa wanafunzi wangu ni kutengeneza maktaba ya hapa. Wanakwenda kwenye tanuru za tofali za kuchoma, wanapima tofali ishirini kwa futi kamba, wanachukua wastani. Tofali za mkono hazilingani hata za tanuru moja, na wakishaliona hilo kwa macho yao wanaacha kuandika unene wa ukuta kwa milimita yenye desimali. Kisha bloku za inchi tano na sita, bati la geji 28 na 30, mbao za mbili kwa nne na mbili kwa sita, mlango wa mninga wa fremu ya hapa. Maktaba ikikamilika tunaihifadhi, darasa linalofuata wanaikuta.

Na kuthibitisha tunathibitisha hivi: wanapima darasa wanalokalia, wanalijenga kwenye modeli, wanatoa jedwali. Halafu wanakwenda nje upande ambao haujapigwa plasta, wanahesabu kozi (safu za tofali) kwenda juu na tofali kwenda upande. Ukuta wa mita 10 kwa 3 ukitoa madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 26.4, kwa tofali 10 kila mita ya mraba (hapa zimesimamishwa, hazikulazwa) ni 264. Asiyefikia karibu na alichokihesabu nje anarudi kutafuta alipokosea. Mara nyingi amesahau kutoa madirisha, au ameutambaza ukuta mpaka ndani ya mkanda (boriti ya zege inayozunguka kuta).

---

Binti Unyanyembe

Shikamooni wote. Mimi nasoma stashahada ya ujenzi hapa Tabora, mwaka wa pili. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Laptopu yangu ni ya RAM 4, ya mtumba. Revit nikiifungua feni inalia mpaka mwenzangu wa chumba anaamka. Chuoni kompyuta zipo ila tunakaa wanne wanne kwenye moja, anayeshika mausi ni yule yule kila siku. Na wenzangu wengi wanatumia za kukraki, zinaingiza virusi, kazi ya muhula inapotea. Kwa hali hii BIM si ya watu wa Dar?

---

Mkufunzi wa Gungu

Hakuna wa kukucheka mdogo wangu. Revit kwa RAM 4 usijitese. Inataka 16 ili upumue, na ni ya Windows tu.

Za kukraki achana nazo, kwanza huzihitaji. Autodesk wanatoa leseni ya bure kwa wanafunzi na walimu, unajisajili kwa uthibitisho wa chuo, unaihuisha kila mwaka, na huruhusiwi kuitumia kwa kazi ya kulipwa. Kwa laptopu kama yako jaribu FreeCAD. Ni bure kabisa, haina leseni ya kumaliza muda, na tangu toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 sehemu ya BIM imo ndani yake. Haina urembo, utaitukana wiki ya kwanza. Lakini ukuta wake ni ukuta, na inatoa jedwali.

Suala la wanne kwenye kompyuta moja: mwombeni mwalimu mgawane kazi badala ya kugawana mausi. Mmoja anajenga kuta na paa, wa pili mabomba, wa tatu umeme, wa nne anakagua na kutoa idadi. Saa nyingine mnabadilishana. Kwenye ofisi za ukweli kazi inakwenda hivyo hivyo.

---

Faili Limegoma

Naongezea kwa Binti. Kabla hamjagawana kazi kubalianeni toleo. Faili la Revit la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na hakuna kulirudisha nyuma. Nimeona kikundi kizima kimekwama siku ya kuwasilisha kwa sababu mmoja alisasisha programu usiku kwa bando la ofa.

Mkitumia programu tofauti, toeni faili la IFC. Ni muundo ulio wazi, una kiwango chake cha kimataifa, ISO 16739, na Revit, ArchiCAD na FreeCAD zote zinausoma. Baadhi ya vitu vitapotea njiani, hasa vile mlivyovitengeneza wenyewe, kwa hiyo mkifungua upande wa pili hesabuni milango kwanza. Ikiwa milango imetimia, kuta nyingi zimefika.

Na umeme ukikatika msilie. Wekeni kuhifadhi kila dakika kumi.

---

Mkandarasi wa Cheyo

Niko Tabora hapa, nafanya majengo ya kati. Nitasema kwa upande wa anayeajiri.

Jengo la zahanati fulani, sitataja wapi. Michoro ya usanifu ilitoka kwa mtu mmoja, ya nondo kwa mwingine, ya maji safi na maji taka kwa wa tatu. Kila mmoja kivyake, kila mmoja sahihi. Tumeshamwaga mkanda, fundi bomba anakuja na bomba lake la inchi nne la kutoka vyoo vya ndani, mchoro wake unamwambia lipite pale pale. Akachukua tindo na nyundo. Nilipofika nondo mbili za chini zimeshaonekana, na ringi moja (chuma chembamba kinachofunga nondo) imekatwa na msumeno ili bomba likae vizuri. Tulivunja kipande kile chote tukasuka upya. Saruji, nondo, siku za vibarua, vyote mfukoni kwangu, kwa sababu mkataba unasema mkandarasi "ataratibu huduma zote".

Nikisikia BIM mimi nasikia hilo bomba. Modeli tatu zikiwekwa juu ya moja, bomba linawaka jekundu pale linapogonga mkanda, mnalihamisha mkiwa mmekaa. Kijana akija ofisini akanionyesha kitu hicho, nampa kazi siku hiyo hiyo. Akinionyesha minazi, namwambia aache namba.

Lakini mwalimu nikuulize: modeli hiyo nani anailipia? Mteja wa Tabora analipia ramani, tena kwa kulalamika. Ukimwambia kuna gharama ya modeli anamfuata wa jirani mwenye ramani ya laki moja.

---

Mkufunzi wa Gungu

Mkandarasi, swali lako sina jibu zuri. Kwenye nyumba za watu binafsi hakuna atakayelipia, tusidanganyane. Kwenye kazi za umma zinazopita NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni) unajaza bei kwenye BOQ (orodha ya kazi na idadi zake) uliyopewa, na humo sijaona mstari wa modeli. Ninachoona ni kwamba mkandarasi anajilipa mwenyewe: yale uliyoyavunja kwenye ule mkanda yangelipa mshahara wa kijana wa kukaa na modeli kwa muda gani, wewe unajua zaidi yangu. Anayebeba hasara ndiye mwenye sababu ya kuijenga modeli, hata kama mbunifu hakuileta.

Na reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Miradi ya ukubwa ule haichorwi kwa mistari miwili. Vijana wetu wakienda pale kuomba kazi wakiwa na picha za jua linazama, watapewa koleo.

---

Nondo Kumi na Mbili

Haya, zahanati umenishika. Lakini ratiba ya chuo imejaa. Ukiingiza haya yote unatoa nini? Usiniambie "tutaongeza muda", muda haupo.

---

Mkufunzi wa Gungu

Natoa kurenda, yaani kuipamba picha ya jengo kwa kompyuta. Kwenye mpango wetu wa sasa sehemu kubwa ya saa za kompyuta inaishia kwenye taa, vivuli, majani na magari. Naipunguza mpaka kipindi kimoja. Natoa pia lile zoezi la kunakili ramani ya AutoCAD mstari kwa mstari kutoka kwenye kitabu, linalochukua nusu muhula na mwanafunzi anaweza kulifanya akiwa amelala.

Kuchora kwa mkono sigusi. Kupima kwa mkono sigusi.

---

Kibirizi Bandarini

Mnabishana BIM Kigoma na hamjamtaja Liemba? Meli ile imejengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, kwa reli mpaka hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, 1924 ikaibuliwa, na 1927 ikarudi kazini. Kila tundu la ribiti lilipaswa kukutana na mwenzake bara jingine, bila laptopu hata moja. Sasa nyie bomba moja na mkanda mmoja wa jengo moja vinawashinda kukutana.

---

Mkandarasi wa Cheyo

Kibirizi umetuua 😂 Lakini wale michoro yote ilikuwa ya kiwanda kimoja. Yangu ilikuwa ya watu watatu wasiopigiana simu.

---

Binti Unyanyembe

Asanteni sana. FreeCAD nimeipakua usiku wa jana. Mwalimu, kwa zoezi la mteremko, ardhi naiingizaje? Mwenzangu anasema tunachukua vimo kutoka Google Earth inatosha.

---

Mkufunzi wa Gungu

Haitoshi. Vimo vya Google Earth vinafaa kukuonyesha kilima kiko upande gani. Kwa jengo la mita 20 vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na hapa tunagombania sentimita 70. GPS ya simu ndiyo mbaya zaidi kwenye kimo.

Azimeni mashine ya levo chuoni na ile fimbo yake. Gawanyeni kiwanja kwa kamba, miraba ya mita 5 kwa 5, someni kimo kwenye kila makutano. Panapobadilika ghafla, ukingo wa korongo au kichuguu, ongezeni pointi. Andikeni kwenye jedwali la kawaida, safu nne: namba, mashariki, kaskazini, kimo. Programu inalisoma hilo na kukutengenezea uso wa ardhi. Tabora kwenu ni tambarare, tafuteni hata tuta la reli mpime mfanye zoezi. Ukimaliza nitumie IFC, siyo faili la programu yako.

---

Mzee wa Timazi

Mwalimu, na mimi nataka kuuona huo mchezo, ila simu yangu haioni vitu hivyo. Nitolee kwenye karatasi.

---

Mkufunzi wa Gungu

Nakuletea Ujiji Jumamosi mzee wangu. A3 mbili, plani na mkato wa mteremko, vimo vimeandikwa kwa sentimita.

---

Mzee wa Timazi

Vizuri. Na waambie watoto kimo cha kuanzia wakiweke kwenye kitu kisichohama, ngazi ya zege ya jengo la zamani au jiwe lililozikwa. Kuna vijana walikuja saiti wakapiga alama yao kwenye lundo la tofali. Mchana tukazijenga.